Habari za Secilia binti Yusta na Santuri Iliyopotea Mplamuni

Jongeeni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi wa Soni na wa Bumbuli, enyi wa Lushoto mjini mnaosubiri basi la kushuka Mombo, nanyi wa Mnazi kule bondeni mnaojipepea kwa khanga. Zimeni redio, lazeni simu zenu kifudifudi, mtoeni mbuzi kwenye maharage kisha mrudi mkae. Inakuja habari nzito, habari ya vita iliyopiganwa milimani pasipo mkuki wala bunduki, vita ambayo nusura iipasue kwaya nzima katikati kama joho bovu, na ambayo iliamuliwa mchana kweupe na mama wa miaka sitini na miwili aliyekuwa juu ya mti. Waliokuwapo wangali hai. Wakisema nimetia chumvi, muwaulize ni vijiko vingapi, nao watasema ni kimoja tu.

Ilikuwa Januari, mwezi wa plamu, katika mwaka ule ambao DVD zilianza kuipanda milima kutoka Mombo. Kabla ya hapo kijiji cha Kwezinga kilikuwa ufalme mmoja wenye amani, na kiti cha enzi cha ufalme huo kilikuwa sebuleni kwa Secilia binti Yusta. Hapo, juu ya kabati dogo, chini ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono na kutiwa wanga mpaka kikasimama chenyewe, ilikaa deki yake ya VCD, deki ya kwanza kufika kijijini, iliyopandishwa kutoka Tanga na marehemu mumewe ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro isije ikaumizwa na kona za barabara. Kila Jumamosi alasiri Secilia alikifunua kitambaa kile kwa vidole viwili, na watu waliojaa kuanzia mlangoni hadi uvunguni mwa meza walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Alikuwa mfupi na mwembamba, Sauti ya Pili Isiyotetereka, Mlinzi wa Deki, na katika kwaya ya usharika hapakuwa na mtu aliyethubutu kufungua kinywa kabla yeye hajavuta pumzi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi zake, na msizipuuze, maana ndimo balaa lilimozaliwa. Kwa Secilia hakikuingia kitu ndani ya kitu kingine kabla ya kuoshwa, na santuri za picha hazikupewa msamaha. Kila VCD, iwe mpya iwe ya kuazima, ilitiwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, ikasuguliwa kwa kitambaa laini, kisha ikaanikwa kwenye kichanja pamoja na vyombo vingine. Walimwambia haifai. Aliwajibu kwamba deki yake ilikuwa na miaka minane na haijawahi kuumwa. Santuri ambayo deki iliikataa kabisa iliwekwa dirishani, na huko dirishani ndiko kulikuwa kunyongwa kwake, kwa sababu kaka yake Tobia, mtu mkubwa kama ghala na mpole kama maziwa, aliipitia asubuhi bila kuuliza, akaifunga uzi wa katani na kwenda kuining'iniza kwenye miplamu nyuma ya nyumba, izunguke na kumetameta na kuwafukuza ndege.

Basi amani ile ilivunjwa na Yonathani, Bwana Shamba mstaafu, ambaye nyumba yake ya matofali ilikaa juu kabisa ya kilima kama ngome. Siku moja alirudi kutoka Lushoto na boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na deki ya DVD, nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye rimoti ambayo hakuitoa kwenye nailoni yake hata siku moja, hivyo watu wakamwita Mwenye Rimoti. Wiki iliyofuata nusu ya Kwezinga ilipanda kilima kwenda kushangaa. Kule kwa Yonathani mtu alivua viatu mlangoni, hakula mahindi ya kuchemsha wakati wa picha, na alikaa alipoambiwa. Lakini picha yenyewe, wallahi, ilikuwa safi kama maji ya mtoni alfajiri. Yonathani alikuwa na imani mbili kuhusu deki yake, na alizishika kwa nguvu sawa na kanuni za kanisa. Ya kwanza, kwamba deki haitoki nje ya nyumba, maana vumbi la njiani litaiua. Ya pili, kwamba ukiilisha VCD jicho lake litachafuka na haitaona tena, na kwa sababu hiyo alizikusanya VCD zake zote ishirini na tatu, akampa Tobia azitundike miplamuni, asitake hata deki izionje kwanza.

Wakati ufalme umeshagawanyika hivyo, kwaya ikamaliza kurekodi. Siku tatu walikuwa wamesimama Irente, pale ukingoni ambapo mtu anaitazama nyika yote iliyo chini, wakiwa na majoho mapya ya rangi ya damu ya mzee, wakiimba nyimbo nane huku upepo ukiwabeba karibu waende zao. Wimbo wa nne ulianzishwa na Secilia peke yake. Mtu wa studio, Khalfani wa Tanga, akatengeneza sampuli mbili za kazi ile, moja ya VCD na moja ya DVD, akampa Aron, mwalimu wa kwaya, na kumwambia kwamba zitafyatuliwa santuri za aina moja tu; wakae, waamue, naye atapanda Jumamosi kuchukua jibu. Aron, kijana msomi mwenye kijiti cha kuongozea kwaya ambacho alikibeba hata sokoni, alishaamua moyoni. Sampuli ya DVD, iliyoandikwa kwa kalamu nene, aliipeleka kwa Yonathani. Ile ya VCD, isiyoandikwa chochote, alimkabidhi Secilia Ijumaa jioni, kwa heshima zote na shikamoo mbili, moja ya kuingia na moja ya kutokea.

Hapa naomba kimya, maana hapa ndipo penye moyo wa habari. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ile, kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, alikaa Bibi Yusta, mama yake Secilia, mwenye miaka themanini na minane. Miguu yake ilikuwa imekataa kazi misimu minne iliyopita. Ndiye aliyemfundisha Secilia kuimba, katika mistari ya maharage, jembe likishika mapigo. Na tangu miguu igome hakuwa amemwona binti yake akiimba hata mara moja. Jumapili upepo ukitoka upande wa kanisa aliisikia kwaya, lakini katika sauti arobaini hakuweza kuitoa moja aliyoizaa. Alikuwa amemwambia Secilia kwa Kishambaa, lugha ambayo hakukubali kuambiwa jambo la maana kwa nyingine yoyote, kwamba anataka amwone akianzisha wimbo, aone kama bado anafumba macho. Secilia akaahidi. Sasa fikirini wenyewe: kwaya ikichagua DVD, deki ya Secilia haitaisoma, deki ya Yonathani haishuki, Bibi Yusta hapandi. Picha ya binti ingekuwa mita mia tatu kutoka kwa mama na isingefika kamwe.

Ijumaa ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo Secilia hakuweza kuitazama sampuli. Aliweza kuiosha. Aliiosha vizuri kupita zote alizowahi kuosha, na alipotoka nayo kuianika akakuta mvua imeanza na kichanja kinachuruzika. Akarudi ndani. Akatazama huku na huku. Na mkono wake, mkono ule ule uliolea watoto watano na kupalilia ekari mbili, ukaenda ukaiegemeza dirishani. Akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Jumamosi, saa saba mchana, majeshi yakakutana sebuleni kwa Secilia. Kamati yote ya kwaya ilikuja na majoho, kwa kuwa Aron alitaka mkutano uwe na uzito. Umeme ulikuwa umerudi. Yonathani alishuka ngomeni kwake na sampuli ya DVD ndani ya bahasha ya kaki, akaamkia kwa Kishambaa, “Onga mshi,” akaitikiwa na wote, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango kama mtu asiyekusudia kukaa sana. Walikubaliana kwamba VCD itatazamwa hapo, kisha watapanda kuitazama DVD, kisha watapiga kura, na mgeni aondoke na jibu kabla ya basi la saa kumi. Mgeni mwenyewe, Khalfani, aliwekwa kwenye kochi na kupewa sahani ya makande. Nanyi mnajua, kwetu mgeni haulizwi neno lolote la kazi akiwa bado anakula, na mwenye nyumba mwenye kujiheshimu haachi sahani ya mgeni ikaonekana chini. Khalfani alipofika nusu, iliongezwa. Aliinua kidole kama anayetaka kusema kitu, na dada mmoja wa sauti ya kwanza, akidhani anaomba chumvi, akampa chumvi.

Aron akasimama, akainua kijiti chake, akanena kwa sauti ya kusikika bonde la pili. “Wapendwa wana kwaya, mama zangu na baba zangu, shikamooni. Siku tatu tulisimama Irente, na upepo ule mnaujua. Tulifanya hivyo ili tuonekane kama tunaimba ndani ya ukungu wa mwezi wa sita? VCD itatuonyesha majoho. DVD itatuonyesha vifungo vya majoho. Ulimwengu umeshapanda gari, ndugu zangu. Sisi tubaki kituoni tukipunga mikono?” Nusu ya kamati ikapiga makofi, na nusu nyingine ikavitazama vifungo vyake.

Yonathani hakusimama, kwa kuwa mkubwa haharakishi. Alisema amewatumikia wakulima miaka thelathini na mmoja, na anawajua. “Nilipoleta mbegu mpya za viazi,” akasema, “mlinicheka, mkaniita Baba Viazi mpaka watoto wakaimba. Mwaka wa pili nani hakuzipanda? DVD ni ile mbegu. Leo mnaiogopa, kesho mtaigombania.” Maneno hayo yaliingia, kwa sababu yalikuwa kweli, hata waliotunga ule wimbo wa Baba Viazi walikuwamo humo ndani, wakatazama sakafu.

Ndipo Secilia akainuka. Alikuwa mfupi kiasi kwamba kuinuka kwake hakukubadili sana mambo, lakini chumba kilivuta pumzi pamoja naye, kwa mazoea. “Baba Wema,” akamwambia Yonathani, kwa kumheshimu kwa jina la mwanawe, “mbegu zile zilikuwa nzuri, na mimi ndiye niliyezipanda wa kwanza. Lakini tulizipanda kwa kuwa zilikubali jembe lile lile. Ungetuambia kila mwenye kutaka viazi vipya atafute kwanza jembe jipya, hadi leo tungekuwa tunakula vile vya zamani. Uzuri wa picha yenu siubishii. Nauliza kitu kimoja: Kwezinga kuna deki kumi na moja, na kumi ni kama hii yangu. Tumeimba ili tuonekane na nani?” Kilisikika kijiko cha Khalfani tu, na koo lake likijaribu kumeza haraka ili liseme, na upawa ukimwongezea.

Kisha, kwa mwendo wa jemadari aendaye kuchomoa upanga wake ukutani, Secilia akaenda dirishani kuichukua santuri. Dirishani palikuwa na kizingiti kitupu.

Alisimama hapo muda ambao wengine walidhani anasali. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika, na hakuuliza kwa kuwa alishajua. Aliita tu jina la Tobia, taratibu, kama anavyoitwa mtu aliyevunja chungu na bado hajajua kwamba amekivunja. Tobia akaingia amebeba debe la plamu, akitabasamu. Ndiyo, dada, aliikuta pale alfajiri. Ndiyo, aliitundika. Wapi, hilo hakuweza kusema, maana ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba hata mkono wake hakuuona; aliinua fimbo yake ndefu yenye panda nchani na kuitupia uzi kwenye tawi lolote lililokuwa tayari kuipokea. Akaeleza hayo yote kwa furaha, na alipofika mwisho, akawatazama wale watu wenye majoho, tabasamu likamshuka polepole na debe likamshuka pia.

Walitoka nje kwa kufuatana. Na hapo, enyi wasikilizaji, lilikuwako jeshi la kutisha. Miplamu minne, na juu yake santuri zaidi ya hamsini, ishirini na tatu za Bwana Shamba na zilizobaki za nyumba, jua na mvua vimefuta maandishi yote, zikizunguka na kuwakonyeza wote kwa pamoja, kila moja ikijidai ndiyo yenyewe. Kuupiga mti kwa fimbo hakukuwezekana, santuri ingeangukia mawe. Kuzishusha zote na kuzijaribu mojamoja kungechukua hadi Jumatatu. Yonathani akatazama saa yake. Alisema, si kwa ubaya, kwamba saa nane imepita, mgeni ana basi, na kwamba kama VCD haipo basi haipo. Wapande kilimani wakaitazame DVD na shughuli iishe. Aron akakubali kwa kijiti. Secilia akajionea haya, akajikasirikia, akaiona sabuni yake na usafi wake wote wa miaka minane vikisimama na kumcheka.

Hapo ndipo ilipotoka sauti kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Bibi Yusta alikuwa ameusikia mkutano wote kupitia ukuta. Aliuliza, kwa Kishambaa, kwa nini watu wazima wamesimama wakitazama juu kama kuku wanaokunywa maji. Akaelezwa. Akasema kwamba yeye hana kazi nyingine duniani isipokuwa kuitazama ile miti tangu asubuhi hadi jioni, na kwamba ndege wa humu wameshazizoea santuri zile kuukuu, wanatua karibu nazo na kula plamu kama wako kwao. Ila leo, tangu ukungu ulipoondoka, kuna tawi moja hawajalisogelea. La juu kabisa, mti wa tatu, upande wa zizi. Kila ndege anayekwenda anageuzwa na kitu kinachomwakia machoni.

Wakatazama. Matawi yote yalikuwa yamedonolewa. Tawi lile la juu lilikuwa na plamu nyekundu, nzima, zimejaa kama kanisa siku ya mavuno, na katikati yake kulikuwa na santuri moja isiyo na doa.

Tobia akaukumbatia mti, mti ukalia, wote wakamwambia auachie. Aron alikuwa na kijiti, lakini ngazi hakuwa nayo. Vijana wa sauti ya tatu na ya nne wakaanza kuambiana nani ni mwepesi zaidi, na mjadala ukaelekea kuwa na wajumbe. Secilia hakusubiri kura. Alivua viatu, akavipanga sawasawa chini ya mti. Akalikunja joho hadi magotini na kulifunga kwa khanga. Akapiga moyo konde, naye mwenye miaka sitini na miwili, bibi wa wajukuu tisa, akashika tawi la kwanza.

Nitasemaje niwatoshe? Mguu wa kulia ulitangulia kama mpelelezi, wa kushoto ukafuata kama jeshi. Tawi la kwanza lilimpokea, la pili lilimjaribu, la tatu likamnyang'anya kilemba na kubaki nacho kama nyara. Santuri za kale zilimjia usoni zikimpiga mashavuni kwa hasira za marehemu, naye akazisukuma pembeni moja baada ya nyingine akiziomba radhi, maana nyingi alizikumbuka. Chini, mama mmoja wa kamati alianza kusema kwamba mwanamke wa umri ule hapandi mti, akaambiwa anyamaze, kwani ameshapanda. Pale juu upepo ulilijaza joho, na kwa muda mfupi Kwezinga nzima ilimwona amesimama angani, mwekundu, mkono umenyoshwa. Alivunja uzi kwa meno. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa busara na mikono yote miwili aliihitaji, aliitia santuri kifuani ndani ya joho, akachuma plamu tatu kwa ajili ya mama yake, akashuka.

Msidhani vita ilikwisha. Santuri ilikuwa na umande na utomvu wa plamu, na Secilia alifanya jambo ambalo kamati nzima ililitazama kwa midomo wazi: aliiosha tena. Khalfani kwenye kochi aliona sabuni ikipakwa kwenye kazi yake ya miezi miwili, macho yakamtoka, akanyanyua mikono yote miwili. Wakamwekea chai ya maziwa katika mmoja. Secilia akaikausha kwa khanga, akakifunua kitambaa kwa vidole viwili, deki ikatoa ulimi, akaulaza mzigo wake juu ya ulimi ule.

Deki ikanguruma, ikafikiri, kisha ikaandika kwa taa zake za kijani kwamba haioni santuri yoyote. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Deki ikakataa tena, kwa maandishi yale yale. Yonathani alikohoa. Tobia alikuwa ametoka kwenda kumbeba mama yake kutoka chumba cha nyuma, na sasa alisimama naye mlangoni mikononi kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Bibi Yusta aliitazama runinga nyeusi. Ndipo Secilia akamkumbuka marehemu mumewe, ambaye aliijua deki ile kuliko alivyowajua wajomba zake. Akakunja ngumi, akaigonga deki ubavuni kushoto, mara moja, si kwa hasira bali kama mtu anavyobisha hodi mahali anapojulikana. Deki ikashtuka. Ikasoma.

Irente ikajaa sebuleni. Kamati ikakaa chini yote kwa pamoja. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, na hakuna aliyeuona, kila mtu akijitafuta mwenyewe. Kisha ukaja wa nne, na kwenye kioo akasimama Secilia peke yake, mdogo, nyika yote nyuma yake, akavuta pumzi. Picha, nakiri, haikuonyesha vifungo.

Bibi Yusta aliinama mbele mikononi mwa mwanawe. Alitazama mpaka ubeti wa kwanza ukaisha. “Bado unafumba macho,” akasema kwa Kishambaa. “Tangu una miaka saba nakukataza.” Kisha akajifuta uso kwa ncha ya khanga yake, akasema waanze tena, naye Secilia, aliyekuwa ameshikilia plamu tatu bila kujua, akashindwa kuiona rimoti kwa machozi ingawa deki yake haikuwa nayo.

Na hapo ndipo ilipotokea ajabu ya pili ya siku ile: sahani ya Khalfani ilikuwa tupu, na hakuna aliyekuwa na upawa. “Samahani sana wazee wangu, samahani mama,” akasema haraka, akiizuia sahani kwa kiganja. “Nilitaka kusema tangu saa saba. Deki ya DVD inasoma na VCD pia. Ya VCD ndiyo haisomi DVD. Sisi kule studio hatuangalii ipi inang'aa. Tunauliza tu majumbani mwa watu kuna nini.”

Yonathani alisema hilo haliwezekani, jicho litachafuka. Khalfani akamwambia kwa upole kwamba jicho halitachafuka. Bibi Yusta alipokwisha kuurudia wimbo mara tatu, santuri ikaazimwa kwa kiapo, kamati ikapanda kilima, viatu arobaini vikavuliwa mlangoni, na deki ile nyembamba ya rangi ya fedha ikaimeza VCD iliyotoka mplamuni na kuicheza bila kusita hata kidogo. Yonathani alitazama hadi mwisho. Kisha akageuza uso kwenye dirisha lake, ambako kule chini, juu ya miplamu ya Tobia, santuri zake ishirini na tatu zilikuwa zikizunguka polepole kwenye jua la alasiri, nyingine zikiwa za harusi ya binti yake Wema. Hakuna aliyemcheka. Walingoja wakafika njiani.

Kura ilipigwa hapo hapo, wakiwa pekupeku. VCD ilishinda, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Aron, ukiwa na kijiti. Khalfani aliwahi basi la saa kumi akiwa na furushi la plamu na tumbo lililomlazimu kukaa kwa ubavu hadi Mombo. Mwezi uliofuata santuri zilifika, zikaingia nyumba zote kumi na moja, na kila nyumba iliiosha yake kwanza, maana mafanikio ya Secilia hayakuweza kubishiwa.

Jumapili moja baada ya ibada Yonathani alishuka tena na ile bahasha ya kaki. Alikwenda moja kwa moja kwa Tobia. Alisema ameitazama DVD ile peke yake mara mbili, ni safi mno, na hakuna mtu wa kumwambia “nimekuona.” Alichukua VCD za harusi, Tobia akainua fimbo yake ya panda na kuitundika DVD mahali pake, kwenye mti ulio mbele ya dirisha la Bibi Yusta. Na Secilia, aliyekuwa mtu wa haki, alitamka mbele ya mashahidi kwamba Bwana Shamba na Mwalimu walikuwa na haki tangu mwanzo: kwa kung'aa, DVD haina mpinzani. Msimu ule mti ule haukudonolewa hata plamu moja.

Bibi Yusta aliishi misimu mingine mitatu, akala plamu za mti ule, na akaitazama santuri ile mpaka akajua kila mtu alipumulia wapi. DVD nazo zilikuja kuenea baadaye, kama mbegu za viazi, siku zilipofika kila nyumba, nazo zikapita. Sasa kwaya yote iko ndani ya flashi isiyozidi kidole. Mwaka juzi Tobia, ambaye hajaacha kujaribu, aliifunga moja uzi wa katani na kuitundika mplamuni. Ndege akaja, akaichunguza, akatua juu yake, akala plamu. Kwa hiyo iandikwe na isomwe milima yote, kuanzia Mombo hadi Bumbuli, kwamba deki ya Secilia binti Yusta ingali chini ya kitambaa chake, inasoma santuri moja tu, na huisoma kila Jumamosi alasiri, ikibishiwa hodi ubavuni kushoto.